Nywele za Dhahabu, Mshahara wa Dhahabu?

Dada, kabla hujapeleka nauli ya intavyuu saluni, sikia. Mwaka 2010 utafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Queensland, Australia, ulisema wanawake wenye nywele za rangi ya dhahabu hulipwa asilimia 7 zaidi. Habari ikazunguka dunia. Lakini waliohesabiwa ni wanawake Wazungu wa Marekani. Wewe wa Umoja hukuwa kwenye hiyo hesabu. Tena asilimia 7 ni wastani tu, si ahadi kwa kila kichwa. Na vitu kuandamana si kusababishana: miavuli hujaa Tom Mboya mvua ikinyesha, ila mwavuli hauleti mvua. Kama ni bosi anayependelea sura, basi shida ni bosi, si nywele zako. Takwimu ikikuambia ubadilike, uliza kwanza: walihesabu nani?