Aliyetia Sahihi

Yako maneno ambayo tumechoka kuyasikia, hasa kwa watu waliosoma: ati kiongozi aliyeiuza nchi yake kwa wageni hakuwa na budi, maana askari walikuwa mlangoni. Basi twapenda kuwaeleza ndugu wasomaji habari za Yi Wan-yong wa Korea.

Mtu huyu hakuwa mjinga. Alijifunza Kiingereza, akatumikia ubalozi wa nchi yake mjini Washington, na mwaka 1896 alikuwa mmoja wa waasisi wa Chama cha Uhuru cha Seoul, hata akapata kuwa rais wake. Chama hicho ndicho kilichojenga Lango la Uhuru, ambalo lingali limesimama. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi, maana wako wanaodhani kwamba kibaraka hutoka nje ya chama tu.

Tarehe 17 Novemba 1905, Ito Hirobumi wa Japani aliwabana mawaziri wa Korea katika jumba la mfalme, huku askari wake wamelizunguka, akawataka wampe Japani mamlaka yote juu ya mambo ya nchi za nje. Je, wote walikubali? Hasha! Waziri Mkuu, Han Kyu-seol, alikataa katakata, akatolewa chumbani kwa nguvu. Wala hakuuawa, aliishi miaka mingi baadaye. Mawaziri watano ndio walioridhia, na Yi alikuwa mmoja wao. Wakati ule alikuwa Waziri wa Elimu. (Ndugu walimu mtatuwia radhi.)

Mwaka 1907 akawa Waziri Mkuu. Mfalme Gojong alipotuma wajumbe The Hague kuulilia ulimwengu, Yi ndiye aliyemshurutisha aache kiti. Desemba 1909 kijana mmoja, Yi Jae-myeong, alimchoma kisu. Mzee akapona, kijana akanyongwa. Na tarehe 22 Agosti 1910 Yi akatia sahihi mkataba wa kuifuta Korea, nayo ikatawaliwa na Wajapani mpaka 1945. Yeye alivikwa cheo cha ukabaila wa Kijapani.

Haya, tuseme alikuwa ameogopa. Lakini mwaka 1919, wananchi walipojaa barabarani wakidai uhuru kwa mikono mitupu, wakapigwa risasi, Yi alitoa maonyo magazetini akiwakemea wao! Siku hiyo ni askari gani aliyekuwa mlangoni kwake? Hapo ndipo twasema kisingizio kimekwisha.

Alikufa kitandani mwaka 1926, tajiri wa mashamba. Hata mwaka 1997 mahakama ilimrudishia mmoja wa wazao wake kipande cha ardhi hiyo. Wakorea walikasirika, wakatunga sheria mwaka 2005, na mwaka 2007 tume ya serikali ikaanza kuyatwaa mashamba ya vibaraka. Ya Yi yaliyopatikana yalikuwa machache. Sehemu kubwa alikwisha kuiuza zamani.