Tovuti ya biashara isimfukuze mwenye simu ya zamani

Mafundi wengi wa kutengeneza tovuti wana jibu moja kwa mteja anayelalamika kuwa ukurasa haufunguki: abadilishe kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia tovuti. Kwa mfanyabiashara aliyelipia tovuti ili auze mbegu au pampu za maji, jibu hilo ni hasara. Mnunuzi aliyeshindwa kuona bei hapigi simu kulalamika, anakwenda duka la pili.

Mafundi nao wana hoja yao. Internet Explorer 6, iliyotoka mwaka 2001, iliwatesa kwa muda mrefu. Ukurasa uliokaa vizuri kwingine, humo ulipinda, na fundi alilazimika kuandika maelekezo ya ziada kwa ajili ya kivinjari hicho kimoja tu. Google ilipoanza kuachana nacho mwaka 2010, wapo walioshangilia, na sioni walikosea wapi.

Lakini wakati ule dawa ilikuwa kupakua kivinjari kingine bila malipo. Leo hali ni tofauti. Chrome iliacha kutoa matoleo mapya kwa simu za Android 7 mwaka 2023, na kwa kompyuta za Windows 7 mwaka huohuo. Kwa wengi wa watu hao, kuwaambia wabadilishe kivinjari ni kuwaambia wanunue simu mpya. Mkulima anayetafuta bei ya mbolea hana sababu ya kufanya hivyo ili amfurahishe fundi wa mjini.

Nionavyo mimi, kazi igawanywe. Bei, mahali duka lilipo na namba ya simu viandikwe kwa HTML ya kawaida, ambayo hata vivinjari vikongwe vinaielewa. Mapambo, picha zinazocheza na mengineyo, yaje juu yake kwa wenye uwezo wa kuyaona.

Panapolipwa fedha, hapo sitetei mtu. Vivinjari vikubwa viliacha TLS 1.0 na 1.1, njia za zamani za kulinda mawasiliano, kwa sababu ya udhaifu wake. Anayezirudisha ili asipoteze wateja wachache anaweka fedha za wote rehani. Mwenye simu ya zamani aelekezwe kulipia dukani.

Kabla ya kummalizia fundi malipo yake, mwenye duka aazime simu kongwe kuliko zote mtaani kwake, aifungue tovuti mbele ya fundi huyo, waone pamoja kama bei ya mfuko wa mbolea inasomeka.