Tovuti ya Madrasa na Orodha Isiyopasa Kuonekana



Shukrani zote zamstahiki Allah Subhaanahu wa Taala, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: kina mama kadhaa wametuuliza namna tovuti mpya ya madrasa ilivyosimamishwa, na kwa nini ilifungwa siku tatu kabla hata haijazinduliwa. Maelezo hayo ni deni juu yetu, nasi tutalilipa pamoja na sehemu yake ya aibu.

Asili ya jambo ni daftari 31. Bibi mmoja wa Majengo, Allah amrehemu, aliwasomesha fiqhi wanawake wa mtaa kwa miaka mingi: twahara, hedhi, eda, mirathi, na yale mambo ambayo binti huona haya kumuuliza sheikh. Wanafunzi wake waliandika. Alipofariki, daftari zilikusanywa katika kasha moja, na kasha likawekwa chini ya paa linalovuja. Watu wa Pumwani na Shauri Moyo, ambao wazee wao walivunjiwa kijiji cha Pangani mwishoni mwa miaka ya 1930, wanajua jinsi karatasi zinavyopotea. Kule Lamu, hati za mkono za Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, zimepigwa picha kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Sisi hatuna hati za kale kama hizo, lakini mchwa wa Eastlands hawaangalii tarehe.

Tovuti yetu ya kwanza ilikwisha vibaya. Aliyeijenga alihama na neno la siri, kodi ikapita muda wake, na darsa 12 tulizokuwa tumeziingiza zikafutika. Safari hii tulimwambia mpwa wetu, mwanafunzi wa chuo, kwamba tunataka kitu ambacho hata fundi akitoroka, maneno ya bibi yatabaki mikononi mwetu. Akatushauri programu iitwayo Grav, iliyotolewa mwaka wa 2014, isiyotumia hifadhidata.

Hapa inafaa tufafanue. Tovuti nyingi huweka maneno yake katika hifadhidata, nayo ni mfano wa ghala lenye bawabu: huchukui hata kibaba kimoja bila kumpitia yeye, na akiugua, ghala zima limefungwa. Grav haina bawabu. Kila darsa ni faili moja ya maandishi ya kawaida ndani ya folda yake, kama daftari juu ya rafu. Ukitaka kuinakili tovuti nzima, unazichukua folda na kwenda zako, na faili hizo zitasomeka kwa kompyuta yoyote. Mzee aliyezoea kupanga vitabu vyake kabatini hupata kufahamu mara moja, na ndiyo maana sisi tulifahamu. Ndiyo maana pia tulikosea, kama itakavyoonekana.

Tulikodi seva yenye mfumo wa Linux, wa aina ya Ubuntu, kwa shilingi 700 hivi kwa mwezi. Kazi ilifanyika jioni moja pale nyumbani. Seva ya Linux haina picha wala vitufe. Ni kioo cheusi na maneno meupe, na mpwa wetu akiiandikia amri moja baada ya nyingine kama mtu anayesoma uradi. Kwanza aliupa mfumo masahihisho yake mapya. Kisha akaweka Apache, ambayo ndiyo humpokea mgeni na kumletea ukurasa alioutaka. Kisha PHP, lugha ambayo Grav imeandikwa kwayo. Kisha akaipakua Grav yenyewe, akaifungua kama mzigo, na kuzikabidhi folda zake kwa mtumishi ambaye Apache hufanya kazi kwa jina lake. Katika Linux kila faili ina mwenyewe, na kuna ruhusa ya kusoma, ya kuandika na ya kutekeleza, kila moja ikitolewa au kuzuiliwa mbali. Stima ilikatika katikati ya kazi. Sisi tukawasha mshumaa. Seva, iliyo mbali na mtaa wetu, haikujua lolote.

Ukurasa wa mwanzo ulifunguka, tukasema alhamdulillah. Lakini kila tulipobonyeza darsa, tuliambiwa ukurasa huo haupatikani. Adhana ya Isha ikaadhiniwa, nasi tukasema litatazamwa kesho. Kesho mpwa wetu alikuwa na mtihani.

Usiku ule ule tulitenda kosa ambalo ni letu peke yetu. Tulikuwa na orodha ya wajane 46 wanaopewa unga, mchele na mafuta kabla ya Ramadhani, pamoja na nambari zao za simu na idadi ya mayatima wao. Tulimwomba kijana aiweke ndani ya folda za tovuti, ili wanakamati waichukue kwa urahisi. Tulizidhani folda zile kuwa kabati letu la nyumbani. Hatukufikiri kwamba kabati hilo limesimama barabarani.

Siku mbili baadaye, baada ya Alasiri, mwanafunzi wetu mmoja wa miaka 14 alisubiri wenzake watoke, kisha akaja karibu. Alikuwa ameifungua tovuti kwa simu, akaufuta mwisho wa anwani kwa udadisi tu, na badala ya ukurasa akaona majina ya folda yamepangwa. Akafungua moja, kisha nyingine. “Sheikh,” akasema, macho yake chini, “nimeona jina la nyanya.” Yeye hakuwa akijua kwamba unga wa nyumbani kwao hutoka msikitini. Nyanya yake alimficha jambo hilo kwa miaka minne.

Sababu ilikuwa ni moja kwa makosa yote mawili. Grav huja na faili ya maagizo ambayo huielekeza Apache namna ya kuzipata kurasa za ndani, na papo hapo huikataza kumwonyesha mgeni orodha ya folda au kumfungulia faili ghafi. Lakini Apache, jinsi inavyowekwa katika Ubuntu, huyapuuza maagizo ya namna hiyo mpaka uiruhusu kuyafuata. Kwa hiyo kule kutofunguka kwa darsa hakukuwa usumbufu mdogo wa kungoja kesho. Kulikuwa ni dalili kwamba mlango wenyewe hauna komeo. Mpwa wetu aliisimamisha seva siku hiyo hiyo, akaiwezesha sehemu ya Apache inayogeuza anwani, akatoa ruhusa iliyokosekana, na kurasa zote zikafunguka huku folda zikifunga.

Apache huandika kumbukumbu ya kila anayefungua faili. Tuliisoma. Orodha ile ilifunguliwa kutoka anwani tatu: yetu, ya mwanafunzi yule, na ya tatu ambayo hadi leo hatuijui.

Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara, imeitukuza sadaka ya siri. Nasi tuliisomesha aya hiyo mwaka huu huu. Tuliwaita wale kina mama kwa makundi madogo, mbele ya mke wetu, tukawaeleza yote pamoja na ile anwani ya tatu, tukaomba radhi. Wengi walisamehe kwa upesi uliotufedhehesha zaidi. Mmoja hakusamehe upesi. “Sheikh,” alisema, “njaa niliikubali kwa Mola wangu. Hili sikulikubali.” Aliomba jina lake liondolewe kabisa. Tuliliondoa, na msaada wake sasa humfikia kupitia jirani yake.

Orodha imerudi katika daftari ya mweka hazina, ndani ya kabati lenye kufuli, na haitapanda tena kwenye kompyuta yoyote. Picha za watoto nazo tumezitoa, kwa kuwa sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka wa 2019 inataka idhini ya mzazi, nasi hatukuwa tumeiomba. Kila Alhamisi folda za darsa hunakiliwa kwenye flashi mbili, moja kwetu na moja kwa mwalimu wa kike. Kijana yule wa miaka 14 amepewa kazi ya kuzijaribu anwani kila Ijumaa kama alivyofanya siku ile.

Darsa 18 zimekwisha kuingizwa, na mlango wa eda umekamilika. Daftari ya saba na ya ishirini na mbili hazimo kashani. Tunadhani zipo kwa wanafunzi wa bibi waliohamia Kayole au Umoja. Aliye nayo na ailete madrasa Jumamosi baada ya Alasiri. Itanakiliwa mbele yake na kurudishwa mkononi mwake.

Wabillahi tawfiq.