Rangi ya Kuku na Somo la Urithi

Mwalimu wa sayansi apangiwaye shule ya Mpanda, Inyonga au Karema asisikitike kwamba hana maabara. Zana ya kufundishia urithi inachakura uani. Gregor Mendel alichapisha kanuni za urithi mwaka 1866 baada ya kuchunguza njegere. Mwaka 1902 William Bateson alionyesha kwamba kanuni hizo zinawahusu kuku pia. Yafaa basi mwanafunzi wa Katavi aanze na kuku anayemfahamu tangu utotoni.

Tuchukue rangi ya ngozi ya miguu, tukiwaweka kando kuku wenye miguu myeusi, kwa kuwa weusi huo una viini vyake vingine. Kila kuku hurithi viini viwili vya sifa hii, kimoja kwa jogoo na kimoja kwa tetea. Kiini cha weupe hukifunika kiini cha umanjano. Kwa hiyo jogoo na tetea, wote wenye miguu myeupe, waweza kupata kifaranga ambaye akikua na kula majani mabichi, miguu yake huwa ya manjano. Hakubadilishwa na mtu, wala tetea hakupandwa na jogoo wa jirani. Viini viwili vilivyofichika vimekutana.

Darasani, mwalimu atie harage moja jeupe na moja jekundu katika kila kibuyu kati ya viwili. Mwanafunzi atoe moja kutoka kila kibuyu bila kutazama, aandike, kisha arudishe. Zoezi likirudiwa mara nyingi, yapata robo ya jozi zitakuwa nyekundu tupu. Wakitaka kuthibitisha kwa kuku wenyewe, tetea atengwe na jogoo mmoja kwa wiki tatu kabla ya mayai kukusanywa, maana mbegu za jogoo wa awali hukaa mwilini mwake kwa siku nyingi.

Wapo wasemao kwamba mambo haya ni mazito mno kwa shule ya msingi. Siafikiani nao. Ualbino nao hurithiwa kwa njia hiyo: wazazi wawili wasio na ualbino, kila mmoja akiwa na kiini kilichofichika, wana nafasi moja kati ya nne, katika kila mimba, ya kupata mtoto mwenye ualbino. Asiyejua hili humshuku mama kwa uzinzi, au humwita mtoto mkosi. Imani za namna hiyo zilichangia mauaji yaliyolitia taifa letu aibu katika miaka ya 2000. Mwaka 2015 Serikali iliwapiga marufuku waganga wapiga ramli, lakini kuing'oa imani potofu ni kazi ya darasa.

Mtu si kuku, na mwalimu asithubutu kumsimamisha mtoto mwenye ualbino awe mfano mbele ya wenzake. Aanze na kuku na maharage, kanuni ieleweke, ndipo aeleze kwamba inawahusu binadamu pia. Mwanachuo, andaa vibuyu vyako kabla hujakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha.