Tochi ya kelele iko wapi?

Hivi wadau, nani alisema kelele ya gari haipimiki kwa sababu gari linapita?

Nauliza kwa sababu wiki iliyopita bwana mmoja mwenye cheo hapa Dodoma aliniambia hivi: "Kijana, baa iko palepale, utaifuata na kipimo chako. Pikipiki utaikimbiza?" Akacheka. Mimi sikucheka. Ninapolala ni hatua chache tu kutoka barabara ya Dar, na usiku bodaboda waliotoboa ekzosi wanashindana na malori.

Huo ni uvivu tu. Mbona kasi nayo ni ya kitu kinachopita, na trafiki wana tochi? Kanuni za kelele na mitetemo tunazo tangu 2015. Mwaka 2023 tuliona NEMC wakifungia mabaa. Spika wanaisikia, ekzosi hawaisikii!

Kule Paris wamejaribu kifaa cha taasisi ya Bruitparif kiitwacho Méduse. Kina maikrofoni nne. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo haizifikii zote kwa wakati mmoja. Kompyuta inachukua tofauti hiyo ndogo mno na kujua sauti imetoka upande gani, kisha kamera inaonyesha ni pikipiki ipi kati ya magari yote yaliyopita. Hakuna wa kumkimbiza mtu.

Na kujua inakotoka ndiko kwenye kazi. Tangu 2024 tuna treni ya umeme hapa, inafika kilomita 160 kwa saa, na watu wanadhani umeme maana yake kimya. Thubutu! Kwa kasi hiyo kelele kubwa ni ya gurudumu na reli. Kasi ikiongezeka mara mbili, kelele hiyo hupanda kwa takriban desibeli 9. Dawa yake ni kulainisha reli na magurudumu, siyo kuilaumu mota. Hata gari dogo zima likiwa barabara kuu, matairi hupiga kelele kuliko injini. Sasa ukimtoza faini dereva kwa kelele ya lami mbovu si umemwonea? Yule wa ekzosi iliyotobolewa, huyo hana utetezi.

Bwana mkubwa nimemkaribisha kwangu, aje saa sita ya usiku, chai juu yangu. Mpaka leo hapokei simu.