Pomadi isiyotaja kilichomo isiuzwe

Kwenye meza za soko la Kadutu mjini Bukavu, sawa na kwenye maduka ya Butembo, Bunia na Uvira, pomadi na sabuni za uso hupangwa zikivutia macho. Mbele ya kikopo kuna picha ya mwanamke mwenye uso unaong'aa, na maneno makubwa ya Kifaransa yanayoahidi ngozi safi kwa siku chache. Mnunuzi anauliza bei, ananusa, analipa franga zake, anaondoka. Upande wa nyuma wenye herufi ndogo hautazamwi kabisa, ingawa ndio unaoeleza ni kitu gani mtu anakwenda kupaka mwilini mwake, pengine na mwilini mwa mtoto wake.

Orodha hiyo huanza na neno Ingredients au Composition. Kitu kilicho kingi zaidi hutajwa kwanza. Mara nyingi ni maji, yanayoandikwa Aqua. Vinavyofuata vinapungua kadiri orodha inavyoshuka, na vile visivyofika asilimia 1 vinaweza kupangwa mwishoni kwa namna yoyote. Kwa hiyo pomadi yenye picha kubwa ya karoti au papai mbele, huku tunda hilo likitajwa karibu na mwisho, ina tunda kidogo sana.

Lakini kidogo si sawa na dhaifu. Clobetasol propionate, dawa kali ya magonjwa ya ngozi, hufanya kazi ikiwa asilimia 0,05 tu. Munganga anapoiandika, kwa kawaida haipiti wiki mbili mfululizo. Anayeipaka kila siku kwa miezi anaona ngozi ikiwa nyembamba, ikipata michirizi, na kidonda kikichelewa kupona. Mama anayepasuliwa wakati wa kujifungua anaweza kulipa gharama ya pomadi hiyo kwenye mshono wake. Betamethasone ni ya jamii hiyohiyo.

Jina la pili la kutafuta ni Hydroquinone. Umoja wa Ulaya uliikataza katika pomadi za kung'arisha ngozi zaidi ya miaka 20 iliyopita. Ikitumiwa muda mrefu, inaweza kuleta madoa meusi ya bluu ambayo ni vigumu kuyaondoa, yaani kinyume cha kile mtu alichonunua.

La tatu ni zebaki, inayoandikwa Mercury, Mercurous chloride au Calomel. Ni metali ileile ambayo wachimbaji wa Ituri na Kivu hutumia kunasia zahabu. Inaharibu mafigo, na kwa mama mwenye mimba inamfikia mtoto tumboni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuingiza vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni. Kuna watengenezaji wasioitaja, lakini wanaonya kwamba pomadi isiguse pete ya zahabu, fedha au aluminiamu. Mchimbaji yeyote anajua sababu: zebaki hushika metali hizo. Onyo hilo likionekana, kikopo kibaki dukani.

Alama nazo zina maana. Kikopo kilichochorwa kikiwa wazi, chenye 12M, kinamaanisha kwamba pomadi itumiwe ndani ya miezi 12 tangu kufunguliwa. Mkono juu ya kitabu unamwambia mnunuzi kwamba maelezo mengine yako kwenye karatasi ya ndani. Herufi e ndogo inahusu kipimo cha ujazo tu, haithibitishi usalama. Namba ya Lot ndiyo inayowezesha kujua pomadi ilitengenezwa lini na wapi, likitokea tatizo.

Hata hivyo, si haki kumtwika mnunuzi mzigo wote. Wengi hawakufundishwa kusoma majina hayo, na kikopo cha bandia kinaweza kudanganya. Michanganyiko inayopakuliwa kwenye chupa tupu haina hata etiketi ya kusomwa. Rwanda ilianza mwishoni mwa mwaka 2018 kuondoa pomadi hizi madukani. Congo, ambayo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, haipaswi kuwa ghala la vile ambavyo majirani wanavikataa.

Ofisi ya Congo ya Udhibiti, OCC, inapokagua mizigo mipakani kama Kasindi, iulize kwanza swali rahisi: je, kikopo kinataja kilichomo, mtengenezaji na namba ya Lot? Kisichotaja kisipite. Wenye maduka nao wasingoje mkaguzi. Anayeuza kitu asichojua kilichomo anacheza na afya ya jirani yake.

Na mtu ambaye tayari anatumia pomadi yenye mojawapo ya majina haya asifiche kwa aibu. Achukue kikopo chenyewe, aende nacho kwa munganga, amwambie ameitumia kwa muda gani. Herufi zile ndogo za nyuma ndizo zitakazomsaidia munganga kujua pa kuanzia.