Kurudi nyumbani mikono mitupu

Desemba ikifika katikati, barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa mabasi na magari madogo. Hata treni ya abiria ilirejea katika njia hiyo Desemba 2019, baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20. Wachagga wanarudi nyumbani: Rombo, Marangu, Kilema, Old Moshi, Uru, Kibosho na Machame. Nyumba zilizofungwa mwaka mzima hufunguliwa, mbege hupikwa, mbuzi huchinjwa, na makanisa hujaa hadi nje.

Lakini wapo wasiopanda mlima. Yupo baba aliyepunguzwa kazini, mama aliyefiwa na mume na hajui atapokelewaje ukweni, na kijana aliyegombana na kaka yake kwa sababu ya mpaka wa kihamba. Kwao Desemba ni mwezi wa aibu. Wanayajua maswali yanayowasubiri: umejenga wapi, umekuja na gari gani, mtoto anasoma shule gani. Hivyo hupiga simu na kusema kazi zimebana.

Watu wa namna hii husubiri mambo yanyooke kwanza, ndipo waanze upya. Maandiko yanaonyesha njia nyingine. Katika kitabu cha Ruthu, Naomi alitoka Bethlehemu na mume na wana wawili wakikimbia njaa. Alirudi kutoka Moabu akiwa mjane, amezika watoto wote wawili, na aliyefuatana naye ni mkwewe tu. Hakuficha. Aliwaambia wanawake wa mji waziwazi kwamba alitoka na vingi na amerudi bila kitu.

Alifika wakati mavuno ya shayiri yakianza. Ruthu akaenda shambani kuokota masazo ili wapate kula. Baadaye aliolewa na Boazi, akamzaa Obedi, babu yake Daudi. Katika mji huo huo na ukoo huo huo ndimo alimozaliwa Yesu, akalazwa horini. Naomi hakuwa na furaha aliposhika njia ya kurudi, wala hakujua mbele kuna nini. Imani yake ilikuwa kwenye miguu: alitembea.

Wazee wa Kichagga nao waliacha mlango kwa anayerudi na kosa. Mlango huo ni isale, jani la mmea unaopandwa pia kuonyesha mipaka ya vihamba. Aliyekosa huleta jani hilo, mara nyingi akiongozana na mzee anayeheshimika, na kwa mila si rahisi aliyepelekewa kulikataa. Ndugu waliogawanywa na mpaka wanaweza kupatanishwa na mmea ule ule unaouonyesha.

Kwa hiyo familia zinazojiandaa kwa sikukuu zina kazi zaidi ya kununua mbuzi. Mzazi anayejua kuwa mwanawe amekwama ampigie mapema na kumwambia aje kama alivyo. Nauli ikikosekana, ndugu wachange kimyakimya. Mjane aketishwe na wenzake, asiachwe jikoni peke yake kama mgeni. Maswali ya gari na nyumba yangoje, na mwenye ugomvi amtafute mzee kabla ya mkesha, kwani pombe ikishaingia kichwani si saa ya kusuluhisha.

Naye anayerudi aseme kweli kwa mtu mmoja anayemwamini: baba mdogo, shangazi au mchungaji. Aanze na dogo linalowezekana, kama Ruthu na masazo yake. Ajifunze kwa migomba iliyozunguka nyumba yao. Mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha hukatwa. Anayeutazama shina lililokatwa huona mwisho, lakini mwenye kihamba hutazama chini pembeni, ambako chipukizi limekwisha kutoka, akalipalilia na kulitilia samadi.